Dawa ya Ini na Hesabu ya Figo

(Hotuba iliyotolewa na mwanachama wa darasa la 1999 mbele ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Kamati imenipa dakika ishirini niseme juu ya afya, nami nashukuru kwa heshima hiyo. Mimi si daktari. Ni mtumishi wa serikali katika idara ya mipango, na shahada niliyoisomea Chuo Kikuu ni ya uchumi. Wamo humu madaktari wanaolijua jambo hili kunishinda mara mia, na nitakapoteleza nawaomba wanisahihishe wakati wa maswali. Lakini ninayo sababu ya kusimama hapa. Nina virusi vya homa ya ini B, na tangu mwaka 2017 nameza kidonge kimoja cha tenofoviri kila usiku. Nimelisema, na sasa mmelijua.

Nimelisema hadharani kwa sababu mwaka 2024, tulipojitolea damu hapa hapa shuleni, baadhi yetu walipata majibu ambayo hawakuyatazamia. Tangu siku hiyo wenzetu kadhaa waliojua hali yangu wamenipigia simu, na karibu wote wameniuliza swali moja: "Kaka, ni kweli kwamba dawa hii huua figo?" Wawili kati yao walikuwa wamekwisha kuacha dawa kabla ya kuniuliza. Mmoja nilimsihi akarudi kwa daktari wake. Wa pili tulimzika.

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, leo nitajibu swali hilo mbele ya watu wote. Jibu langu kwa ufupi ni hili: dawa hulilinda ini, na kipimo huzilinda figo. Mtu anayetumia dawa hii hana ruhusa ya kuchagua kimoja na kuacha kingine.

Kwanza tuujue ugonjwa wenyewe. Homa ya ini B huletwa na kirusi kilichogunduliwa miaka ya 1960 kutokana na kazi ya mwanasayansi wa Marekani, Baruch Blumberg, ambaye alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1976. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2022 watu milioni 254 walikuwa wakiishi na ugonjwa huu kwa hali sugu, na kwamba watu milioni 1.1 walikufa kwa ajili yake mwaka huo. Katika kila watu mia walio nao, ni 13 tu waliokuwa wamepimwa wakajua, na 3 tu waliokuwa wakipata dawa.

Hapa kwetu Afrika aghalabu mtu huambukizwa siku ya kuzaliwa, kutoka kwa mama yake, au akiwa mtoto mdogo akicheza na wenzake. Chanjo ya watoto wachanga ilianza kutolewa Tanzania mwaka 2002. Sisi sote tuliopita shule hii siku zile tulizaliwa bila ya kinga hiyo, na wembe mmoja uliokuwa ukizunguka vichwa vya bweni zima Jumamosi kabla ya ukaguzi nao haukutusaidia. Kwa hiyo asitokee mtu wa kumwuliza mwenzake aliupata wapi. Swali hilo halina faida, na limewafanya watu wengi wafiche majibu yao ndani ya sanduku. Wahenga walikwisha kusema: mficha maradhi kifo humwumbua.

Si kila mwenye kirusi anahitaji dawa. Daktari hupima wingi wa virusi katika damu, hali ya ini, na makovu kama yapo, kisha huamua. Wengine huambiwa waje kupimwa tu mara kwa mara. Lakini anayeanzishiwa dawa hapana budi aelewe kwamba mara nyingi ameanza safari ya miaka mingi, pengine ya maisha. Hii si kama homa ya ini C, ambayo siku hizi hutibiwa kwa vidonge vya miezi michache ikapona kabisa. Kirusi cha B hujificha ndani kabisa ya chembe za ini. Dawa humfunga mwizi kamba asiweze kuzaana, haimtoi nyumbani. Kamba ikikatwa ghafula, mwizi huamka, na mara nyingine huamka na fujo kubwa kuliko ile ya mwanzo.

Sasa tuje kwenye figo.

Mtu ana figo mbili, na kila moja ina vichujio vidogo vipatavyo milioni moja. Kwa siku moja vichujio hivyo hupitisha maji yapatayo lita 180. Lakini hakuna kati yetu anayekojoa lita 180! Mkojo wa siku ni kama lita moja na nusu tu. Maji mengine yote, pamoja na chumvi, sukari na madini ya mwili, hurudishwa katika damu na vijifereji vilivyo nyuma ya vile vichujio. Kwa hiyo figo ina idara mbili, kama ofisi zetu zilivyo: idara ya kuchuja, na idara ya kurudisha vitu vya thamani.

Tenofoviri hutoka mwilini kwa njia ya figo. Chembe za vile vijifereji huivuta kutoka katika damu upande mmoja na kuisukuma kwenye mkojo upande wa pili. Kwa watu walio wengi kazi hiyo huenda vizuri miaka nenda miaka rudi. Kwa watu wachache dawa huingia katika chembe upesi kuliko inavyotoka, ikarundikana, na ikadhuru vile vinu vidogo vinavyoipa chembe nguvu. Hapo idara ya kurudisha huanza kulegea. Madini ya fosfeti, ambayo mifupa huyahitaji, hupotea katika mkojo. Protini hupotea. Sukari huonekana katika mkojo ingawa sukari ya damu ni ya kawaida kabisa. Mambo hayo yakiachwa muda mrefu, mifupa huuma na kulegea, na mwishowe idara ya kuchuja nayo hushuka.

Narudia kwamba hao ni wachache. Katika watu mia wanaotumia dawa hii kwa homa ya ini kwa miaka mingi, wanaopata madhara makubwa ya figo ni wa kuhesabika kwa vidole. Yakigunduliwa mapema na dawa ikabadilishwa, figo hupata nafuu, mara nyingi kwa sehemu kubwa. Tatizo ni kwamba figo hailii. Jino likioza halikupi usingizi. Figo hupoteza karibu nusu ya nguvu yake bila ya mwenyewe kuhisi lolote. Anayengoja maumivu ya kiuno ndipo akapime amengoja gari lililokwisha kupita. Na maumivu mengi ya kiuno hayatoki kwenye figo hata kidogo.

Basi tunapima nini? La kwanza ni kreatinini katika damu. Hii ni taka itokayo katika misuli, na figo nzima huitoa kila siku. Figo zikidhoofika, kreatinini hupanda. Ni miongoni mwa vipimo vya bei nafuu katika maabara, na hospitali nyingi za wilaya hukifanya.

Lakini hapa, ndugu zangu, ndipo wengi wanapopotea. Namba ya kreatinini peke yake haitoshi. Mwenye misuli mingi hutoa kreatinini nyingi. Mzee mwembamba hutoa kidogo. Kwa hiyo yafaa kuigeuza ile namba iwe kipimo cha uwezo wa figo kuchuja. Mwaka 1976 mabwana wawili, Cockcroft na Gault, walitoa kanuni ambayo hata aliyepata alama ndogo katika hisabati hapa shuleni anaweza kuitumia. Chukua 140, toa umri wako. Zidisha kwa uzito wako wa kilo. Zidisha tena kwa 1.23 kama ni mwanamume, au kwa 1.04 kama ni mwanamke. Kisha gawa kwa kreatinini yako iliyoandikwa kwa mikromoli. Ukikuta karatasi imeandikwa kwa miligramu kwa desilita, izidishe namba hiyo kwanza kwa 88.4. Zipo kanuni nyingine za miaka ya karibuni, za 2009 na 2021, ambazo maabara nyingi huzitumia kwa mashine. Lakini hii ya zamani inafanyika kwa kalamu.

Natoa mfano. Watu wawili wamepimwa siku moja, na wote wawili kreatinini yao ni 110. Wa kwanza ni kijana wa miaka 25 mwenye kilo 75. Hesabu yake ni mililita 96 kwa dakika, na figo zake ni nzima. Wa pili ni mzee wa miaka 68 mwenye kilo 50. Hesabu yake ni 40 tu. Namba ni ile ile, na pengine karatasi zote mbili zimeandikwa kwamba kiwango ni cha kawaida, lakini mmoja ni mzima na wa pili anahitaji kubadilishiwa dawa. Hesabu ikishuka chini ya 60, muulize daktari sababu. Ikishuka chini ya 50, kiasi cha tenofoviri hakiwezi kubaki kile kile cha kila siku.

La pili ni mkojo. Kuna kijiti cha karatasi kinachochovywa katika mkojo, kikaonyesha protini na sukari kwa muda wa dakika moja au mbili. Kijiti hiki huweza kuonyesha kulegea kwa ile idara ya kurudisha kabla kreatinini haijapanda. Lakini tukumbuke kwamba protini katika mkojo yaweza kuletwa pia na shinikizo la damu, na kisukari, na hata na kirusi chenyewe, ambacho mara nyingine hudhuru vichujio vya figo. Kwa hiyo kijiti huuliza swali. Daktari ndiye hutafuta jibu. La tatu, palipo na maabara kubwa, ni kupima fosfeti katika damu. Na la nne ni shinikizo la damu, ambalo hupimwa hata katika zahanati.

Vipimo hivi hufanywa lini? Kwanza kabla ya kumeza kidonge cha kwanza, ili tujue tulianzia wapi. Baada ya hapo Shirika la Afya Duniani linasema isipungue mara moja kwa mwaka. Wataalamu wa Ulaya wameshauri kila miezi mitatu katika mwaka wa kwanza, kisha kila miezi sita. Wapo wanaopaswa kupimwa mara nyingi zaidi: wenye umri mkubwa, wembamba sana, wenye shinikizo la damu au kisukari kisichotulia, wenye ini lililokwisha kusinyaa, waliokuwa na matatizo ya figo tangu mwanzo, na wanaotumia dawa nyingine zenye kuzichosha figo.

Juu ya hizo dawa nyingine nina neno kwa wazee wetu. Dawa za maumivu kama diklofenaki, ibuprofeni na indometasini hununuliwa kwetu kama karanga. Magoti yanauma, mtu anachomwa sindano. Mgongo unauma, anameza vidonge wiki nzima. Dawa hizo hupunguza damu inayofika kwenye figo, na zikikutana na tenofoviri zimewahi kuangusha figo za watu kwa muda wa siku chache. Sindano ya jentamaisini nayo ina sumu kwa figo. Anayetumia tenofoviri amwambie kila mganga, mfamasia na muuza duka la dawa: "Mimi natumia dawa hii." Hali kadhalika dawa za miti shamba zisizojulikana kipimo chake. Sizidharau dawa za wazee wetu, lakini baadhi ya mimea imethibitika kuharibu figo, na chupa isiyo na jina haiwezi kutuambia ina nini ndani.

Wako pia wenzetu wanaotumia dawa za UKIMWI, ambazo nyingi zina hiyo hiyo tenofoviri ndani yake. Haya yote yanawahusu. Wao wafahamu jambo moja zaidi: dolutegraviri, ambayo iko katika kidonge kile kimoja, huipandisha kreatinini kidogo katika wiki za mwanzo bila ya kuidhuru figo. Daktari aliye mzoefu analijua hilo, na wao wasitishike.

Sasa nitasema juu ya wenzetu wawili. Majina sitayataja, nao wenye habari wameniruhusu.

Wa kwanza ni mzee wetu aliyemaliza hapa miaka ya 1970, mwalimu mstaafu. Alikuwa akitumia tenofoviri na akipima kila mwaka kama alivyoagizwa. Mwaka wa kwanza kreatinini yake ilikuwa 92, wa pili 99, wa tatu 118. Karatasi zote tatu zilisema kiwango ni cha kawaida, na kila mwaka aliyezipokea alikuwa mtu mwingine, aliyeiona karatasi moja tu. Mzee mwenyewe, kwa kuwa ni mwalimu wa jiografia, aliziweka zote juu ya meza akaona mlima unapanda. Akapiga hesabu: 57, kisha 51, kisha 41. Akazichukua karatasi zake tatu akaenda kwa daktari, akamweleza na habari ya sindano za magoti. Sindano zilikomeshwa. Tenofoviri ikabadilishwa, akapewa entekaviri kwa kiasi kilichopunguzwa kulingana na figo zake. Dawa hiyo ilitafutwa mpaka ikapatikana. Leo kreatinini yake ni 101 na imetulia, na kirusi bado kimefungwa. Yuko hapa nasi, na mchana huu amekula ubwabwa kuwashinda vijana.

Angalieni jambo hilo vizuri. Figo zilipolegea, daktari hakusema "acha dawa." Zipo njia. Kidonge cha tenofoviri cha miligramu 300 huweza kumezwa kila baada ya saa 48 kwa mtu ambaye hesabu yake iko kati ya 30 na 49. Ipo entekaviri, ambayo figo huivumilia vizuri. Ipo tenofoviri ya namna mpya, iitwayo alafenamidi, ya miligramu 25 tu, iliyokubaliwa Marekani kwa homa ya ini B mwaka 2016. Hiyo huingia katika damu kwa kiasi kidogo sana, na figo hupata nafuu. Mnamo mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mojawapo ya hizo mbili kwa mtu mwenye figo dhaifu au mifupa dhaifu. Hazipatikani kila mahali, na hapo ndipo pa kupigania. Lakini njia zipo, na zote hupitia kwa daktari.

Wa pili ni yule tuliyemzika. Alikuwa darasa langu, na kitanda chake kilikuwa cha pili kutoka kwangu kwa miaka miwili. Baada ya majibu ya damu alipimwa, ini likaonekana limeanza kusinyaa, akaanzishiwa tenofoviri. Alitumia kwa miezi tisa. Kisha akasoma mahali kwamba dawa hii huua figo, na jirani yake akamthibitishia. Aliogopa kitanda cha mashine ya kusafisha damu, ambako mgonjwa hulala kama saa nne, mara tatu kwa wiki. Ni woga ambao hakuna wa kuucheka, maana sote tumewaona jamaa waliouza shamba kwa ajili ya mashine hiyo. Akaacha kidonge kimya kimya. Miezi mitatu baadaye macho yalikuwa ya njano na tumbo limejaa maji. Alipofikishwa hospitali ini lilikuwa limekwisha kushindwa.

Baada ya arobaini mjane wake aliniita nimsaidie kupanga karatasi za mirathi. Katika bahasha ya hospitali nilikuta kipimo chake cha figo, kilichofanywa wiki mbili kabla ya kuacha dawa. Kreatinini 84. Umri wake ulikuwa 44 na uzito kilo 66. Nikapiga hesabu pale pale nyuma ya bahasha, nikapata 93. Ndugu zangu, figo za mwenzetu zilikuwa nzima kabisa. Jibu la woga wake lilikuwa katika kabati lake mwenyewe, na hakuna mtu aliyemwambia maana ya namba ile.

Ndiyo sababu sikuja kuwaambia tu "nendeni mkapime." Yeye alipima. Kipimo ambacho mwenyewe hakielewi, na kisicholinganishwa na cha mwaka uliopita, ni karatasi tupu.

Sisi watumishi tunayo methali yetu: mali bila daftari hupotea bila habari. Figo ni mali. Mimi ninalo daftari dogo la shilingi chache, lenye safu saba: tarehe, uzito, shinikizo la damu, kreatinini, hesabu, mkojo, na dawa nyingine nilizotumia tangu kipimo kilichopita. Mwaka 2017 hesabu yangu ilikuwa 104. Mwaka 2025 ilikuwa 92. Daktari alipoitazama safu yote aliniambia kwamba mteremko huo ni wa umri, si wa dawa, maana figo za kila mtu hupungua kidogo kidogo baada ya miaka arobaini. Asingeweza kuniambia hivyo kwa kutazama karatasi moja. Na daftari ni langu kwa sababu mtumishi huhamishwa. Katika miaka hiyo minane nimehamishwa mara tatu. Faili langu la hospitali halikuhamishwa hata mara moja.

Mambo madogo ya kukumbuka: pima katika maabara ile ile ikiwezekana, usiende kupima siku uliyocheza mpira, wala ukiwa na kiu kali au umetoka kula nyama nyingi, maana kreatinini huweza kupanda kwa muda. Namba moja ikishtua, rudia kipimo kabla ya kulia. Na usiache dawa kwa uamuzi wako hata siku moja.

Ndugu Mwenyekiti, natoa mapendekezo matatu. La kwanza, chama chetu kichapishe kadi yenye zile safu saba na ile kanuni nyuma yake, na kila mwanachama anayehitaji apewe bila ya kuulizwa kwa nini. La pili, kila mkutano wa mwaka pawe na chumba kimoja ambamo madaktari wetu watapima uzito, shinikizo la damu na mkojo, na kupima homa ya ini B kwa atakayependa. Majibu apewe mwenyewe peke yake, na asiye na kirusi aelekezwe kwenye chanjo, yeye na mkewe. La tatu, katika mfuko wetu wa kufa na kuzikana litengwe fungu la kulipia kipimo cha kreatinini kwa mwanachama asiye na bima wala uwezo. Tumekuwa hodari wa kuchangia majeneza. Sanda na usafiri wa maiti mmoja tu hulipia vipimo vya watu wengi kwa miaka mingi.

Mwezi wa Novemba 2017 Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilifanya upandikizaji wa figo wa kwanza nchini, na mwaka uliofuata Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ikafuata. Tunajivunia madaktari wetu. Lakini heshima kubwa tunayoweza kuwapa ni kufika kwao na daftari mkononi wakati kazi bado ni ya kubadilisha kidonge.

Kwa waliopata majibu mwaka ule na hawajamwambia mtu: namba yangu ya simu anayo katibu. Mpigeni mwombe. Nitawafundisha hesabu ile kwa simu, usiku au mchana, na tutaipiga pamoja.